Mzega wa Machicha

Jamani, mara nyingi mmeniomba niwasimulie mkasa huu nami nikauruka, nikasema sikumbuki vizuri, kumbe nakumbuka mpaka harufu. Leo nausema wote. Aibu ikishazeeka huwa kama shati kuukuu, unalivaa hata mbele ya wageni.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, nami ni karani kwenye ghala moja la asali na nta hapa Tabora. Warina asali walileta mizigo yao kutoka porini, sisi tukakamua, tukachuja, tukajaza madebe, treni ikabeba. Nasema "sisi" lakini ukweli ni kwamba sikuwahi kukamua hata sega moja. Mimi nilikuwa wa mezani, na kalamu mbili mfukoni (moja haikuandika, ilikuwa ya kuonekana tu). Na hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wetu, maana tuliitana ndugu kutwa nzima, ndugu huyu, ndugu yule, lakini kengele ya saa saba ikilia sisi wa ofisi tunakula barazani na wachukuzi wanakula nyuma ya ghala, na ungemkuta karani na mchukuzi kwenye sinia moja ungejua mmoja wao amepotea njia.

Meneja wetu, Ndugu Hamisi, mtu mpole mwenye tumbo la heshima, jambo hilo lilimkera. Siku moja akaniita.

"Ndugu Luhende, Jumamosi tuna sherehe ya wafanyakazi. Nataka michezo, watu wachanganyike. Mpangaji ni wewe."

"Na wasipochanganyika, mzee?"

"Basi upande utakaoshindwa utawapakulia wenzao pilau na kuwaoshea sahani. Watachanganyika tu."

Nilipopeleka habari hiyo ofisini, Bi Zuhura, mpiga taipu wetu, aliacha mashine ikilia kengele peke yake. "Mimi? Nimwoshee Masanja mchukuzi sahani? Luhende, tukishindwa usinisalimie tena maisha." Basi nikajua sherehe hii si sherehe, ni vita, na jemadari ni mimi.

Nikapanga michezo minne: kuvuta kamba, mbio za magunia, yai kwenye kijiko, na viti vya kugombaniwa ngoma inaponyamaza. Ningeishia hapo leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nilipita ghalani, nikamkuta Mzee Shomari, mtunza ghala. Mzee Shomari ni Mzaramo na mimi Mnyamwezi wa Lusu, kwa hiyo ni mtani wangu tangu enzi za misafara, wala hatukuanza sisi, tulirithi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mpagazi wangu. Nasikia unapanga michezo. Babu yako alikuja kwetu pwani na pembe begani, akafika, akarudi. Wewe bega lako limezoea kalamu. Ukibebeshwa debe la maji hapa, kisimani utafika?"

Wachukuzi wakaangua kicheko. Utani haujibiwi kwa hasira, kila mtoto wa Tabora anajua hilo, unacheka na kurudisha lako mambo yanaisha. Mimi nikavimba.

"Andika mchezo wa tano!" nikasema. "Mbio za mzega! Mti begani, debe la mchanga mbele, debe la mchanga nyuma. Mimi na Masanja mwenyewe!"

Masanja aliinua kichwa taratibu. Kijana wa Igunga yule, alikuwa akibeba magunia mawili huku anapiga mluzi. Akaniangalia toka juu mpaka chini, akasema kwa upole kabisa, "Sawa, karani." Upole ule ndio ulionitoa jasho.

Ijumaa watu walipokwenda kula nikabaki kujaribu. Madebe mawili ya mchanga yalinikalisha chini kabla sijasimama. Nikafikiri niweke matupu, lakini debe tupu haliachi kuvuma, na Mzee Shomari lazima angeyagonga. Nilihitaji kitu cha kujaza kisicho na uzito. Nikazunguka nyuma ya mashine ya kukamulia, na pale nikayaona machicha ya masega, yale mabaki ya nta yaliyokamuliwa asali, mepesi kama pamba, yamefunikwa turubai. (Kwa nini yamefunikwa? Wala sikujiuliza, nilikuwa mtu wa mezani.) Nikashindilia madebe mawili, nikatia mchanga kidogo juu, nikajiona msomi.

Jumamosi nikavaa suruali yangu ya bugaluu, pana chini kiasi cha kufagia barabara. Michezo ikaanza. Wachukuzi wakatuvuta kwenye kamba kama wanavuta mbuzi. Sisi tukawashinda kwenye magunia, maana Ndugu Hamisi alianguka akabingirika mpaka mstarini. Bi Zuhura akashinda mbio za yai (baadaye sana tulijua alilichemsha). Viti wakachukua wao. Mbili kwa mbili. Na kila upande umekaa kwake, hakuna aliyechanganyika na mtu, wanatazamana tu kama wakwe wapya. Kukabaki mzega.

Mzee Shomari akagonga madebe yangu, ko, ko. "Yamejaa," akasema, na nikaona ameshangaa kidogo. Njia ilikuwa kutoka lango la ghala, kuzunguka tangi la maji, kurudi langoni. Madebe yalikuwa yamekaa juani tangu asubuhi na mkono wangu ulinata kidogo, lakini filimbi ikalia.

Masanja akaondoka kama treni ya mizigo, polepole lakini huisimamishi. Mimi nikamfuata naruka. Ofisi nzima ikasimama, "Karani! Karani!" Karibu na tangi nikasikia kitu kinaimba sikioni. Nikakipiga kofi. Kumbe nyuki wa kuja kuiba utamu hana hasira sana, yeye yuko kazini, ila ukimpiga kofi umemtangazia vita. Wakaja wenzake, nusu wananizingira mimi, nusu wanazingira madebe, na wengine, Mungu wangu, wakaiona bugaluu wakadhani ni mzinga wenye milango miwili.

Nilipiga kelele ambayo mpaka leo kuna watu mtaa wa Kanyenye wanaikumbuka. Masanja nikampita kama amesimama.

"Tupa mzigo!" akanipigia kelele. "Luhende, tupa!"

Lakini mimi kichwani nilikuwa na babu yangu, na babu hakutupa mzigo njiani hata siku moja, basi nikaung'ang'ania mzega wa machicha kama pembe za ndovu. Waliokuwa wananishangilia wakaona kinachonifuata, wakaacha kushangilia, wakageuka, ofisi na wachukuzi kwa mara ya kwanza wakafanya jambo moja kwa pamoja: waliingia ghalani mbio. Nikawa wa kwanza kuvuka mstari, peke yangu, hakuna hata wa kunipigia makofi. Masanja, ambaye alishatua wake, akanifikia, akanipokonya mti, akarusha madebe mbali, akanisukuma ndani na mlango ukafungwa.

Mle ndani mwanga ulipita kwenye nyufa tu. Meneja amekaa juu ya gunia katikati ya wachukuzi wawili. Bi Zuhura ameshika shati la Masanja kwa mikono yote miwili na hana habari ya kuliachia. Mzee Shomari akachungulia kwenye ufa.

"Madebe ya Masanja, mchanga," akasema taratibu. "Madebe ya karani yamepasuka. Lakini... yale si machicha yale?"

Watu wote wakanigeukia. Mdomo wangu ulikuwa umevimba, jicho moja limefunga.

"Ni mashisha," nikasema. Nikawaeleza yote, mpaka mchanga wa juu. Nilitamani ardhi inimeze, nawaambia kweli, maana nilikuwa nimewaaibisha watu wangu mbele ya wale tusiotaka kula nao.

Masanja akaanza, kicheko cha kutoka tumboni. "Yaani kila siku unaandika kwenye daftari 'machicha yafunikwe', kumbe hujui kwa nini yanafunikwa?" Ndugu Hamisi akashika tumbo lake. Ghala zima likacheka mpaka vumbi likashuka darini.

"Ofisi imeshindwa," meneja akasema akifuta machozi. "Pakueni."

Tukatazamana. Mpishi, mwenye akili kuliko sisi sote, alikuwa amekimbilia ndani na sufuria la pilau. Sahani zilibaki nje na nyuki. Hapakuwa na cha kupakulia wala cha kuosha. Basi Bi Zuhura akakunja mikono ya gauni lake, akatafuta nafasi kando ya Masanja, akasema bismillahi akaingiza mkono. Tukafuata, watu thelathini kwenye sufuria moja, wengine kwenye kifuniko. Masanja alikuwa akila kwa mkono wa kulia na kwa wa kushoto ananing'oa miiba shingoni, na kila mwiba ukitoka wanahesabu kwa sauti. Sijala pilau tamu vile tena.

Jumatatu kengele ya saa saba ikalia, baraza likabaki tupu. Wote tulikuwa nyuma ya ghala.

Mwaka uliofuata wakadai mzega urudiwe. Masanja alikuwa amenifundisha miezi na miezi, jinsi ya kupumua na kuhamisha bega bila kusimama. Madebe mawili ya mchanga, nikazunguka tangi, nikafika hatua nne nyuma yake bila kutua. Nikamwamkia Mzee Shomari huku nahema.

"Marahaba, mpagazi," akasema, na safari hii hakucheka. Akanishika bega, lile lile.

Mashindano mengine siyakatai. Lakini mzigo wowote ukiletwa mbele yangu, hata uwe wa harusi, kwanza naunusa.