Msusi Aliyejifunza Kufunga Mdomo

Saa mbili asubuhi chumba kinanukia shampuu na mafuta ya nywele, na msusi wanayemwita Redio tayari ana kichwa cha mtu mikononi. Vidole vinakimbia, rasta zinashuka mgongoni, na mteja, kama ilivyo kawaida ya wateja, ameanza kusimulia mambo ya jirani yake.

"Huyo jirani nikimwona leo," Redio anamkatiza kwa upole, "nimwambie umenituma?"

Mteja anacheka, ananuna kidogo, kisha anahamia kwenye bei ya sukari.

Jina la Redio hakupewa kwa sababu ya kuimba. Miaka mingi, ukitaka kujua nani kaachika na nani kafukuzwa kazi, ulikwenda kwake kusuka hata kama nywele zako hazikuhitaji. Mwenyewe hafichi. "Kuokoka niliokoka zamani," anasema. "Kwaya nimo, maombi ya asubuhi nimo. Mdomo ndio ulikuwa haujabatizwa."

Kilichomgeuza kilitokea humu humu, miaka miwili iliyopita. Wifi yake, dada wa mumewe, alimweleza wakati anasukwa kwamba mimba yake imeharibika. Hata mama yake mzazi alikuwa hajamwambia. Redio alilia naye, akaomba naye, na mwezi haukuisha akamweleza mteja mmoja, muumini mwenzake. Wala hakuona kama anasengenya. Wapendwa mnaijua njia hiyo: nakwambia tu ili tumwombee.

Wifi alikuwa ameketi kiti cha pili, amewapa mgongo.

Hapo ujuzi wa kazi ndio uliomponza. Redio huwatambua watu kwa visogo, na kisogo cha wifi alikijua kikiwa na rasta. Siku hiyo wifi alikuwa amefumua, na msusi mwingine wa saluni alikuwa amemwosha nywele na kumfunga taulo kichwani. Redio aliporudi kutoka dukani alimkuta pale, akadhani ni mteja wa mwenzake. Alijua ni nani pale tu aliposimama na kugeuka.

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema.

Wifi hakufoka. Alitoka na taulo la saluni kichwani, akaenda zake.

Redio alikwenda kuomba radhi, akarudi tena, akasamehewa kwa maneno. Lakini kiti chake wifi hakukikalia tena. Kwenye vikao vya familia walisalimiana kama watu waliokutana foleni ya benki. Hilo lilimuuma Redio kuliko kutukanwa, maana huyo ndiye aliyempokea kwa mikono miwili alipoolewa.

Mchungaji wake alimpa shauri moja: mtu ukimwombea, mtaje kwa Mungu, basi. Ukilisikia unaliona jepesi. Alipolishika, karibu nusu ya wateja walihama, kisa saluni imepooza, na kipato kikashuka nao. Na yeye si malaika. Mwezi uliopita tu aliteleza, akaanza kisa cha bwana harusi mmoja, akakiacha katikati. Waliokuwepo nusura wamle nyama kwa kuutaka mwisho wake.

Hata hivyo hana wasiwasi na safari yake. "Mtu akija nywele za mbele zimekatika kwa kukazwa sana, simdanganyi kwamba zitarudi leo," anasema. "Namwambia tupake mafuta, tuziache zipumue. Mungu ananifanyia mimi vivyo hivyo. Na naona kabisa zinaota."

Karibu na adhuhuri, mteja wa asubuhi akiwa ameshaondoka, mlango unafunguliwa, na vidole vya Redio vinasimama juu ya vitana anavyopanga. Ni wifi. Anakipita kiti kitupu cha msusi mwingine, anakaa kwenye cha Redio.

Anaeleza mwenyewe kilichomleta. Mteja mmoja wa hapa alimwendea akilalamika kwamba Redio siku hizi anajifanya mtakatifu, kwani alimkata kauli, na katika kulalamika ikamponyoka kwamba aliyetaka kumsema ni wifi mwenyewe.

"Alidhani anakuchongea kwangu," wifi anasema. "Nikamwambia asante, umenirudishia msusi wangu."

Redio anafuta macho kwa mgongo wa mkono, anachukua kitana. Kazi ikifika nusu, wifi anaanza kuongea kwa sauti ya chini, na anaongea kwa muda mrefu. Redio anaitikia kwa kuguna tu. Mara moja anaacha kusuka, anamshika bega, kisha anaendelea.

Wifi alipoondoka, mwandishi wa makala haya, ambaye umbea ndio unaomlisha, alimuuliza Redio ameambiwa nini.

Redio aliendelea kufagia nywele sakafuni.

"Wewe andika habari za nywele," akasema. "Hilo naomba Mungu anisaidie nizikwe nalo."