Kumi ya Mwalimu Abdurahim

Mtaa mzima wa Komarock uliiita nyumba ya Bi Aqsa "kwa Mwalimu", ingawa mumewe Abdurahim alikuwa ameshazikwa. Aliwafundisha fizikia watoto wengi wa Makadara, na wote walitoka na kauli yake moja: "Mvutano wa dunia ni kumi, tusipotezeane wakati." Kwa mtihani wa shule, kumi ilitosha.

Binti yao Lela alilelewa na kumi hiyo. Aliposomea shahada ya udaktari wa fizikia, aliandika programu mbili za kukokotoa jinsi vumbi linavyotua. Ya vumbi la kawaida ilichota namba zake kwenye maktaba ya programu, ambamo kasi ya mwanga, mvutano wa dunia na namba nyingine za maumbile zimewekwa tayari, zimepimwa barabara. Ya vumbi la mtaa wa Huruma aliianza kabla hajaijua maktaba hiyo, na mkono wake ukaandika kumi bila kuuliza. Maktaba inasema tisa nukta nane na ushei.

Basi vumbi la Huruma likaonekana kutua upesi kuliko vumbi lolote. Lela akaandika makala ya ugunduzi huo, jarida la sayansi likayachapisha, juu yake jina la marehemu Mwalimu Abdurahim, kwa heshima yake. Bi Aqsa alitoa nakala, akawapelekea hata wanawake wa msikitini.

Jumamosi moja Lela aliingia, akaketi bila kuvua buibui lake.

"Mama, hakuna ugunduzi. Ni ile kumi ya baba."

"Usimsingizie marehemu."

"Simsingizii, niliiandika mimi. Profesa wangu ameiona. Hata hakunigombeza, alicheka."

"Nani mwingine anajua?"

"Yeyote atakayeiendesha ile programu."

"Basi nyamaza. Vumbi ni vumbi, nani atakwenda Huruma kulipima?"

"Nimeshawaandikia wa jarida wayaondoe makala."

Bi Aqsa alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kunjo.

"Watoe na jina la baba yako."

"Hawafuti kitu, mama. Yatabaki palepale na jina lake, yamepigwa maandishi mekundu: yameondolewa kwa kosa."

Nje, Wacuka, mwenye duka la jirani, aliita getini. "Mama Daktari, kuna mgeni anauliza kwa Mwalimu. Nimlete?"

Lela alimtazama mama yake. Bi Aqsa alishusha pazia.

"Mwambie tumesafiri."

Sauti ya mgeni ikasikika getini, changamfu. "Si neno. Waambie ni mwanafunzi wake wa zamani. Wa ile kumi."