Martina na Namba za Maduara

Wakitajwa wajenzi wa nchi hii, husifiwa wahandisi na wabunge. Mimi namtaja Martina Ngusa, tumwitaye Mama Eunice, karani wa takwimu wa zahanati yetu ya Mwakitolyo, mwenye elimu ya kidato cha nne na kiti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Namba za kadi zetu alizibuni yeye. Wachimbaji wa dhahabu wa hapa hubadili majina kila wanapohama machimbo, na tarehe za kuzaliwa wengi hukisia. Lakini hakuna anayesahau duara lake, yaani shimo analochimba, wala nafasi yake katika kundi, maana mawe hugawiwa kwa mpangilio huo. Basi mtu wa tisa wa duara la tatu, kadi yake ni 3/9.

Mwaka jana mfumo wetu uliunganishwa na wa maabara ya mjini inayopima makohozi ya washukiwa wa kifua kikuu. Majibu yalipaswa kuingia yenyewe. Siku ya nne Makoye, yule wa 3/9, akaja kwa mara ya tatu, shati likimpwaya.

"Shikamoo, Mama Eunice. Leo yapo?"

"Marahaba, baba. Kaa kwanza."

"Nilikaa juzi, nikakaa jana. Mchana huu naondoka, naenda Chato kwa shemeji, kazi ipo mwaloni, kushusha samaki."

"Kwa kikohozi hicho samaki watakukimbia," akasema Donatus, tabibu wetu. Alitania, lakini macho yake hayakucheka. Nyumbani kwa shemeji kulikuwa na watoto watano.

Kompyuta ilisema hakuna majibu. Maabara ikasema ilishatuma, na kwamba majibu hayasomwi kwenye simu.

"Ni hizi namba zako za mashimoni," Donatus akamwambia Martina. "Mjini hawazijui. Zifute, tuanze moja, mbili, tatu."

"Nikizifuta, utamjuaje huyu kati ya kina Makoye sita?"

Mimi niliyesomea kompyuta chuoni nilikagua waya, mtandao na nywila. Vyote vizima. Martina alichukua daftari, akaandika waliopata majibu upande mmoja, waliokosa upande wa pili. 3/15 yupo, 3/9 hayupo. 5/21 yupo, 5/11 hayupo.

"Hebu njoo uone," akaniita. "Waliopotea wote, namba ya nyuma haizidi kumi na mbili. Mwaka una miezi mingapi?"

Niliona aibu. Kwetu safu ya kadi ni ya maandishi. Programu ya kupokea majibu iliachiwa ikisie yenyewe aina ya data. Ilipoiona 3/9 ikaihifadhi kama tarehe tatu Septemba. Mwezi wa kumi na tano haupo, hivyo 3/15 ikabaki maandishi. Mfumo ulipomtafuta Makoye ulikuta tarehe, ukampita.

"Tuzigeuze tarehe ziwe maandishi," nikasema.

"Zitakuja na mwaka ambao hatukuuandika. Futa yaliyoingia, iambie mapema kuwa safu hii ni maandishi, halafu vuta upya faili la maabara."

Makoye alikuwa ameshanyanyua begi. Martina akaishika kadi yake wala hakuiachia. "Dakika kumi tu, baba. Ukiondoka bila jibu, unawapelekea wale watoto nini?"

Makoye akashusha begi.

Majibu arobaini na moja yakaingia. La Makoye lilisema kifua kikuu kipo. Donatus akamwita ndani, wakakaa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na dawa mkononi.

"Namba zibaki, Mama Eunice," Donatus akasema mlangoni.

Martina hakugeuka. Kuna watu hungoja sifa kwanza. Yeye alikuwa ameshafungua ukurasa mpya.

"Duara la tatu mko wangapi?"

"Kumi na sita."

"Chato itakungoja, umeze dawa kwanza. Wenzako wanavuta hewa ileile shimoni. Nitajie, kuanzia wa kwanza."

Makoye akavuta stuli, akaanza kuwahesabu kwa vidole.