Saa ya Hesabu, Sisi Tulisiriba Sakafu

Juzi niliitwa shuleni Kasikeu kwa ajili ya binti yangu wa gredi ya nne. Mwalimu wake wa hesabu, kijana nadhifu, alinipa kiti darasani kwa adabu, kisha akasema bila hata kushusha sauti, "Mama, tusidanganyane. Huyu hana kichwa ya hesabu. Lakini kufagia anajua, hunisaidia sana." Mtoto amesimama hapo hapo, anasikia. Ai! Harufu ya utotoni ikanijaa puani.

Wewe uliyesoma kwenye saruji hutaijua. Madarasa yetu yalikuwa ya udongo, na vumbi la Makueni halina huruma, wala funza wake. Basi kila Ijumaa sakafu ilisiribwa kwa mavi ya ng'ombe na jivu. Hayo hayakunichukiza. Hata kwa nyanya tulisiriba, na mavi mabichi yana harufu yake tamu, cheka ukitaka. Kilichonichukiza, na kinanichukiza mpaka leo, ni nani alisiriba na saa ngapi. Mwalimu wetu aliwachagua walioshindwa na jaribio la hesabu. Wenzetu wakafundishwa nje, kivulini mwa ukuta, sisi tumepiga magoti ndani tukisikiliza kwa dirisha. Jaribio lililofuata, nani alishindwa? Sisi tena. "Si niliwaambia?" akacheka. Upuuzi mtupu! Unamnyima mtoto chakula, kisha unamcheka amekonda.

Nilifika mahali nikaamini. Nilimwambia nyanya nataka kuacha shule. Alikuwa anatwanga mahindi ya muthokoi ili yatoke maganda, mbaazi zinatokota jikoni, na wala hakunibembeleza. Alinipa mchi. Nilipochoka, mahindi yakiwa bado na maganda, akasema, "Nyunyiza maji, utwange tena. Mahindi magumu si mahindi mabaya." Nikatwanga huku nalia.

Ndipo akaja mwalimu mgeni, mwanamke. Ijumaa moja alitukuta ndani, akauliza tumekosa nini. Tulipomwambia, alikunja uso kama mtu aliyeonja maziwa yaliyoharibika. Akavua viatu, akaingia. Kwa kidole alichochovya kwenye mavi mabichi akachora mistari, akaigawa sakafu sehemu nne sawa.

"Mkisiriba robo, halafu robo nyingine, mmesiriba kiasi gani?"

"Mbili juu ya nane," nikasema.

Wenzangu wakanicheka. Yeye hakucheka. "Haya, nionyeshe hiyo mbili juu ya nane iko wapi."

Nikatazama robo mbili tulizokuwa tumeshasiriba. Upande mmoja ulikuwa umelowa, upande wa pili mkavu. "Ni nusu!" nikapiga kelele, mikono imejaa mavi mpaka viwikoni.

"Ulikuwa bado tu," akasema. Tangu siku hiyo, hesabu zetu mbovu hakuzitia mkasi wa wino mwekundu. Aliandika "bado" kando yake, tukarudia. Kusiriba kukawa kwa zamu, baada ya masomo, hata namba moja wa darasa akainama na ndoo yake.

Mwalimu yule wa "bado" tulishamzika. Muthokoi siku hizi ni wa mashine, na kinu cha nyanya kuku wananywea maji. Madarasa yana saruji inayong'aa. Ningefurahi, lakini nilimuuliza yule kijana, "Huyu hukufagilia saa ngapi?"

"Saa ya hesabu," akajibu, hana hata aibu. "Si haelewi hata akikaa?"

Mungu anisamehe, nilitaka kutema mate pale pale. Yote niliyoyapenda yamekwenda, na huu uchafu ndio umebaki! Nilimwambia yule kijana kwamba binti yangu hafagii tena saa ya hesabu, na kama anataka kubishana, twende kwa mwalimu mkuu. Nikauchukua ufagio mlangoni, nikamwekea mezani kwake. Kisha nikamshika mtoto mkono, nikampeleka dawati la mbele.

"Mama," akaninong'oneza, "lakini mimi sijui."

"Bado," nikamwambia. "Kaa."