Lenzi ya Kuwafuata Wakimbiaji

Mtaa mzima ulimwita Kidevu Juu, kwa kuwa hayo ndiyo maneno aliyomwambia kila mteja aliyekalia kigoda chake. Studio yake ya picha za pasipoti, chumba kimoja chenye pazia jeupe na taa mbili, ilikuwa imeilisha familia kwa miaka mingi. Kisha simu zikajaa mikononi mwa watu, kila mtu akawa mpiga picha wa uso wake mwenyewe, na kigoda kikaanza kushika vumbi.

Ndipo katibu wa klabu ya riadha, mama asiyepoteza maneno, alipokuja kupigwa picha ya kitambulisho.

"Tunatafuta mpiga picha wa msimu mzima," alisema. "Jumamosi kuna mashindano. Njoo upige, nizione. Ila utasimama nyuma ya kamba ya uwanja. Yule wa mwaka jana alitaka kukimbia na wakimbiaji."

Kwa lenzi fupi ya studio, mkimbiaji angeonekana kama sisimizi. Kidevu Juu alihitaji lenzi ya kuvuta mbali, na akiba yake ilitosha kununua moja tu. Akikosea, msimu ungempita hivi hivi.

Katika duka la kamera zilizotumika, muuzaji alimtolea lenzi ndefu, nzito, ya kampuni ileile iliyotengeneza kamera yake. Iliingia kwenye mdomo wa kamera, ikazunguka, ikalia tik.

"Pete na kidole, dada," muuzaji akasema.

Kidevu Juu akailenga kalenda ya ukutani, akazungusha lenzi taratibu kwa mkono, akabofya. Kila tarehe ilisomeka. Akalipa, akaondoka na furaha yake. Tangu aanze kazi alikuwa akitafuta ukali wa picha kwa mkono, maana mteja wa pasipoti hutulia kama mtungi. Haikumjia hata kidogo kujaribu kama lenzi ile inajilenga yenyewe, bila kuzungushwa.

Jioni alikwenda uwanjani wakati wa mazoezi. Wakimbiaji wakaja kasi. Kabla hajamaliza kuizungusha lenzi, walikuwa wamekwishapita. Akaiamuru kamera ijilenge yenyewe. Lenzi ikanyamaza kimya.

Nyumbani, mumewe, fundi cherehani mwenye kitambi cha heshima, alizitazama zile picha.

"Hawa ni watu au moshi?"

"Usinichokoze, baba watoto."

"Sikuchokozi. Umekwenda kununua lenzi ya kufukuza watu, ukaijaribia kalenda. Kalenda imeanza lini kukimbia?"

Alitaka kununa, akajikuta anacheka.

Asubuhi walirudi dukani pamoja. Muuzaji akaipindua lenzi, akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Hii ni ya zamani, haina mota ndani. Inategemea mota ya kamera, na kamera ndogo kama yako haina. Inaingia vizuri, lakini hakuna wa kuisukuma. Kosa langu pia, dada. Sikukuuliza unapiga nini."

Akakubali kubadilisha. Akaweka mezani lenzi mbili zenye mota zake, moja ndefu kama ile ya kwanza, nyingine fupi kidogo.

"Baba watoto, toka nje ukimbie."

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapa?"

Fundi akapandisha suruali, akatimka kuelekea kona, tumbo likimtangulia.

"Mzee, umeiba nini?" muuza matunda akauliza.

"Nimeoa," fundi akajibu akihema, akageuka kurudi.

Alikimbizwa mara kadhaa. Lenzi ndefu ilinguruma, ikaenda mbele, ikarudi nyuma, na ilipompata alikuwa ameshafika kona. Ile fupi ilimdaka tangu hatua za kwanza na haikumwachia, hata matone ya jasho yalionekana.

"Ndefu inafika mbali zaidi," muuzaji akakumbusha.

"Inafika, lakini imechelewa. Nitachukua hii. Nitasimama kwenye kona ya uwanja, pale kamba inapokaribiana na njia ya mbio."

Jumamosi alikuwa kwenye kona hiyo mapema. Kundi la wasichana likaingia kona, lenzi ikalia kwa sauti ndogo, ikawashika. Akabofya mpaka wa mwisho akapita.

Baadaye katibu aliinamia kioo cha kamera, akapekua picha moja baada ya nyingine. Kidevu Juu akabaki kuutazama uso wake, ambao haukutoa habari yoyote. Katibu akasimama kwenye picha ya msichana aliyeshika mkia: ameuma mdomo, macho mbele, miguu yote miwili hewani.

"Mama yake huyu hajawahi kumwona akikimbia. Kila Jumamosi yuko kazini," akasema. "Mpelekee hii leo."

Akamrudishia kamera, akapiga hatua, kisha akageuka.

"Wiki ijayo tunaanza asubuhi sana. Ufike kabla hatujafunga kamba, uchague pa kusimama."