Usifunge Fomu Kabla ya "Ila"

Siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, na ni siku niliyoulizwa swali la maneno matatu nikakosa jibu. Kaa nikusimulie. Siku hizi sina haraka. Haraka yangu niliimaliza yote nikiwa na miaka ishirini na minne, na utaona ilinifikisha wapi.

Nilikuwa karani wa utafiti katika hospitali moja ya hapa Dar es Salaam. Sitaitaja, maana kosa lilikuwa langu, si lake. Daktari wetu mmoja alikuwa akiwafuatilia watu aliowafanyia upasuaji wa uvimbe kichwani. Zamani mgonjwa akishatoka wodini alikuwa amepotea. Hakuna aliyejua nani amepona na nani hali imemgeukia. Daktari alitaka kujua. Baada ya miezi mitatu, huyu anashika kikombe? Kichwa kinamuuma? Anaona vizuri? Kwa majibu hayo angejua mahali mkono wake umeponya na mahali umekosea, na mgonjwa wa kesho angepata tiba bora kuliko wa jana. Simu za mkononi zilikuwa bado za wakubwa, kwa hiyo mimi na furushi langu la fomu ndio tuliokwenda majumbani.

Mimi mtoto wa Upare, nimelelewa kusalimia. Nikifika kwa mtu, Manzese au Wazo au Temeke, naanza: shikamoo, habari za tangu juzi, za nyumbani, za watoto, afya je? Nzuri, njema, salama, tunamshukuru Mungu. Basi nami natoa kalamu. Maumivu: hana. Udhaifu wa viungo: hana. Malalamiko: hana. Nashukuru, naaga, naelekea nyumba nyingine. Wenzangu walimaliza watu watatu kwa siku, mimi namaliza wanane. Wakanipachika jina la Mashine. Daktari mwenyewe aliwahi kuinyanyua fomu yangu mkutanoni ili watu waone mwandiko. Unajua wahenga walisemaje: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Langu lilikuwa maji matupu, ila kibuyu kilipendeza.

Sasa kulikuwa na mama mmoja wa Tandika, Bi Tatu, mjane, mshona kofia za mkono, zile nyeupe za matundu madogo ambazo kofia moja inakula miezi. Alikuwa amefanyiwa upasuaji miezi mitatu nyuma. Nilimkuta barazani kwake asubuhi, amekaa mkekani, kofia iliyofika nusu iko pembeni, sindano imechomekwa ndani yake. Akafurahi kuniona kama mwanawe. Bintiye Zena akaleta chai, na Bi Tatu mwenyewe akaninyooshea sahani ya maandazi, kwa mkono wa kushoto.

Nilishtuka, sikufichi. Bibi wa pwani, mtu wa adabu zake, anampa mgeni chakula kwa kushoto? Nikajiambia, mzee huyu, amesahau. Nikapokea kwa mikono miwili nikatazama kando ili nisimwaibishe. Nilijiona kijana mwenye malezi kwelikweli. Tukasalimiana tena za afya, akasema nzuri, nikajaza fomu, nikala maandazi mawili, nikaondoka.

Fomu zote zilipitia kwa Sista Perpetua, muuguzi mkuu wa wodi yetu, mama mfupi wa kutoka Bukoba ambaye hakuwahi kupandisha sauti na bado tulimwogopa kuliko daktari. Mchana ule akaniuliza Bi Tatu anaendeleaje.

"Mzima kabisa, Sista," nikasema. "Ila uzee tu, kanipa sahani kwa mkono wa kushoto."

Akaweka kalamu chini. Alinitazama mpaka nikaanza kujitafuta nilipokosea.

"Wewe," akasema polepole, "umeuliza au umesalimia?"

Hilo ndilo swali, mwanangu.

"Mtu wa hapa kwetu ukimuuliza habari, nyumba ikiwa inaungua, atakwambia nzuri, ila nyumba inaungua. Ile nzuri si habari yake, ni heshima yako wewe uliyeuliza. Habari yake iko nyuma ya ila. Wewe unafika kwenye nzuri, unafunga fomu, unakwenda zako. Hata wewe mwenyewe hapa umeniambia mzima kabisa, halafu ndipo ukasema la maana."

Alivua aproni yake, akachukua mkoba, akaniambia nitangulie. Tulifika Tandika alasiri ileile.

Sista hakutoa karatasi. Alikaa mkekani, akasalimia kwa kituo, akaitikiwa nzuri zote anazostahili mgeni, kisha akanyamaza. Mimi kimya kile kilinitesa. Mara mbili nilitaka kukijaza, akanikanyaga mguu. Baadaye akaiokota ile kofia.

"Kazi nzuri hii, bibi. Ya nani?"

"Ya mkwe wangu, mume wa Zena. Ya kuvaa Idi."

"Idi ipi?"

Bi Tatu akatazama mkeka. "Idi iliyopita," akasema.

Sista akachomoa sindano, akamwomba amtungie uzi, eti macho yake siku hizi hayafai. Bi Tatu akaipokea kwa kushoto, akajaribu kuihamishia kulia. Ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika, akasema kwa sauti ndogo sana:

"Mie sijambo, mwanangu. Ila mkono huu wiki ya tatu sasa si wangu. Na asubuhi kichwa kinataka kupasuka."

Sista akamuuliza mbona hakumwambia kijana aliyekuja asubuhi.

"Mgeni kaja kwangu na adabu zake, kanisalimia vizuri, nianze kumlilia?" Akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Na yule daktari, mtoto wa watu, kanifungua kichwa kanirudisha hai. Leo nende nikamwambie kazi yako haikufaa? Si utovu wa shukrani huo?"

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Msemo huo nilikuwa naujua tangu darasa la tatu, na siku zote nikidhani unamsema mgonjwa mwenye aibu. Sikujua kwamba shukrani nayo huficha maradhi. Mama yule alikuwa anakwenda kufa kwa kumheshimu daktari wake, na mimi nilikuwa nimekwishaandika kwa mwandiko wa kupendeza kwamba hana malalamiko.

Tulimchukua siku ileile, Zena akibeba kapu la nguo. Kichwa kilipopigwa picha ikaonekana damu imejikusanya taratibu chini ya fuvu, inaubana ubongo. Daktari alitoboa tundu dogo akaitoa. Alituambia wazi kwamba kama ingengojwa fomu ya pili, ya mwezi wa sita baada ya upasuaji, karani angekuta matanga. Mkono ulianza kurudi baada ya siku chache, kidole kimoja kimoja, na siku Bi Tatu aliposhika kijiko cha uji mwenyewe nilitoka nje ya wodi nikalia nyuma ya tangi la maji, maana Mashine halii mbele za watu.

Nilidhani nitafukuzwa kazi. Daktari hakunifukuza wala hakunigombeza. Alinirudishia fomu zangu zote, rundo zima. "Hizi siwezi kuzitumia," akasema. "Nikizitumia nitawadanganya madaktari wenzangu, nao watakwenda kuwaumiza watu nisiowajua." Akaniambia nirudi kwa kila mtu.

Nikarudi. Mwanangu, hiyo ndiyo shule niliyosoma. Nilikaa mkekani kwa watu, nikasalimia, nikangoja. Manzese nikamkuta baba niliyemwandika mzima, kumbe anameza vidonge vya dukani kwa kiganja ili kichwa kimwachie afungue karakana yake. Wazo nikakuta kijana ambaye alikuwa anaanguka kifafa, na nyumba nzima ilikuwa imeapa kunyamaza mpaka dada yake aolewe. Wote wawili walitibiwa. Nyumba ya Tabata nilipofika, matanga yalikuwa yameshaanuliwa. Mke wa marehemu akanikaribisha, nikamuuliza habari, akanijibu nzuri. Daktari aliniambia huenda yule asingepona kwa vyovyote. Huenda. Ningekuwa nimemuuliza, ningejua, na mpaka leo sijui.

Bi Tatu aliimalizia ile kofia. Mkwe wake hakuipata, masikini, bibi alinipa mimi. Nikamwambia, bibi, mie Mkristo wa Upare, nitaivaa wapi? Akanitazama kwa huruma. "Kwani Wapare hawana vichwa?" Ninayo sandukuni. Ukiizungusha mkononi unaona mishono ya mwanzo imekaza na kunyooka, inafuata sehemu iliyolegea na kwenda upande, kisha mishono inakaza tena. Miezi yote ya ugonjwa wake imo mle, na ilikuwa imelala pembeni yangu asubuhi ile wakati mimi natafuna.

Sasa nikwambie ya juzi, unicheke kidogo. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume. Nimepona, namshukuru Mungu na nawashukuru waganga wangu, nao wakaniomba niwe katika utafiti wao wa kutufuatilia tuliotoka chini ya kisu. Nikakubali kwa furaha. Deni la Tandika hilo. Mwezi uliopita akaja binti mmoja na kishikwambi chake, akaketi hapa hapa ulipoketi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Unaendeleaje na afya?"

"Nzuri tu, tunashukuru."

Mimi! Mimi Mashine niliyekanyagwa mguu Tandika! Ukweli ni kwamba tangu upasuaji mkojo ulikuwa unanitoka nikikohoa au nikicheka, nafunga kitambaa kama mtoto mchanga, na kanisani nilikuwa nimeacha kwenda nikimwambia mke wangu magoti yananiuma. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nakijua kitanda cha makarani tu. Ningemwambiaje binti aliye rika la kitinda mimba wangu? Halafu daktari aliyeniokoa na saratani nikamlalamikie vitambaa? Nilimwelewa Bi Tatu siku ile, baada ya miaka yote hiyo.

Binti hakuandika kitu. Alikilaza kishikwambi magotini, kioo chini. Akanywa maji aliyopewa. Akautazama msalaba ulio juu ya mlango wangu, kisha akauliza, bila haraka yoyote, Jumapili nilisali wapi.

Nikakaa kimya. Naye akakaa kimya.

"Ila, mwanangu..." nikasema.

Nilimwambia yote. Hakucheka, hakuinamisha uso. Aliuliza mara ngapi na nikifanya nini, akaandika. Kliniki iliyofuata wakanifundisha mazoezi ya kukaza misuli ya chini, kumbe dawa ya nusu ya tatizo ilikuwa hiyo na hakuna aliyenipa kwa kuwa hakuna aliyejua. Sasa kitambaa nakifunga siku mojamoja. Jumapili iliyopita nilikaa benchi la mbele, nikaimba mpaka mke wangu akanifinya. Sista Perpetua ametangulia mbele ya haki siku nyingi, lakini nilimshukuru mle kanisani kwa jina lake, na Bi Tatu pia, dini yake na yangu Mungu anajua kuzipanga.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukipewa kazi ya kuuliza watu hali zao, iwe kwa kalamu au kwa kioo, salamu imalize kwanza, kisha ndipo uanze kuuliza. Nzuri ya kwanza ipokee kwa heshima, usiiandike. Tazama mkono unaokupa sahani. Tazama kazi iliyosimama nusu. Kaa na kimya hata kikikuwasha, maana mwenzio anatafuta njia ya kufika kwenye ila, na njia hiyo ina aibu na shukrani na hofu ya kukusumbua. Na wewe ukiwa ndiye mgonjwa, mshukuru daktari wako kwa kumwambia kinachouma, kwa sababu yuko atakayelala kitanda chako kesho na jibu lako ndilo litakalomtibu.

Kama huna fomu yoyote maishani mwako, unaye mama. Unampigia simu Jumapili, unauliza habari, anakwambia nzuri tu mwanangu, nawe unasema haya mama, baadaye. Usikate. Muulize amepika nini, amekwenda shamba au sokoni na nani, halafu nyamaza kidogo umsikilize anavyopumua.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe masikio yenye subira na miguu isiyochoka kurudi ulikokosea. Na siku wewe utakaposema nzuri huku mkono si wako, akuletee mtu wa kukaa kimya mbele yako mpaka uimalize sentensi.