Vyuma Vitatu vya Abdulsultan Virani

Tarehe 21 Oktoba 2022, siku serikali ya Kanada ilipozuia watu binafsi kununua, kuuza na kupeana bastola, Abdulsultan Virani wa Unionville, kaskazini mwa Toronto, alikuwa na bastola moja iliyosajiliwa kwa jina lake. Sheria ilimruhusu kuendelea kuitunza na kulengea shabaha klabuni. Ikiharibika, hawezi kununua nyingine.

Virani ana miaka sitini na sita. Alizaliwa Moshi, akaja Kanada na wazazi wake akiwa kijana wa miaka kumi na tano, na sehemu kubwa ya maisha yake ameitumia kutengeneza meno bandia katika chumba kidogo Don Mills, juu ya ofisi ya bima. Jino lisipokaa sawa kinywani mwa mgonjwa, daktari humrudishia. Virani hupima upya plasta, hupima nta, hukagua joto la tanuri. Hutafuta kosa kwenye vifaa, na mara nyingi amelikuta huko.

Aprili mwaka huu risasi zake zilianza kutawanyika kwenye shabaha.

Mwezi huohuo alikuwa amebadilisha vichwa vya risasi. Virani hujaza maganda yake mwenyewe, kama wafanyavyo walenga shabaha wengi: hukusanya maganda matupu ya shaba, huyarudishia umbo, huyatanua mdomo kwa kijichuma maalumu, huyatia fataki na baruti, kisha hukandamiza kichwa kipya mdomoni mwa ganda. Zamani alitumia vichwa vilivyofunikwa shaba. Kwa kuwa bastola ni moja tu na haina mbadala, aliamua kuuonea huruma mtutu wake, akahamia kwenye vichwa laini vya madini ya risasi vilivyopakwa rangi ngumu ya kijani.

Kulikuwa na jambo jingine la Aprili ambalo hakumwambia mtu. Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka ukiwa umetulia tu pajani. Wa baba yake ulianza hivyohivyo, na baba yake alimalizia siku zake akilishwa kwa kijiko. Kama tatizo ni vichwa vipya, dawa iko dukani. Kama ni mkono, basi bastola imekwisha, na meno pia.

Alichagua kuamini vichwa, na mwanzoni alikuwa na ushahidi. Alichomoa kimoja kutoka kwenye risasi aliyokwisha kuijaza, akakuta rangi imechunwa kuzunguka ubavu. Uchafu wa kijani ulikuwa umebaki kwenye mdomo wa ganda. Alimwonyesha Cyriaque Mushagalusa, fundi wa lifti kutoka Bukavu, rafiki yake wa Jumamosi katika klabu moja kaskazini mwa Vaughan. Wawili hao huzungumza Kiswahili, kila mmoja akikicheka cha mwenzake.

"Mzee Sultan, umemvua huyu nguo," Cyriaque alisema. "Mdomo wa ganda ni mwembamba. Chuma chako cha kutanulia kilitengenezwa kwa vichwa vya shaba. Hivi vya rangi ni vinene kidogo, tena ni laini; vikichunwa, madini huganda ndani ya mtutu na risasi hupotoka."

"Kwa hiyo ni chuma."

"Hapo, ndiyo, ni chuma."

Virani alifurahi kuliko habari yenyewe ilivyostahili.

Akaagiza chuma cha kwanza. Kilipanua ukingo wa juu tu, kama mdomo wa tarumbeta. Kichwa kilikaa upande, na kilipokandamizwa kikachunwa shavu moja. Cha pili kilitanua kupita kiasi. Vichwa vilicheza ndani ya ganda kama jino lililolegea, na baada ya kujazwa mara chache midomo ya maganda ikaanza kupasuka. Cha tatu kilikuwa na hatua mbili: hatua ya kwanza ilinyoosha mdomo wa ganda ukalingana na kichwa, na ya pili ikafungua ukingo kidogo sana, kiasi cha kichwa kusimama wima bila kushikwa. Virani alichomoa vichwa kadhaa alivyojaza kwa chuma hicho. Rangi ilikuwa nzima kila mahali. Akausugua mtutu mpaka ukang'aa ndani.

Jumamosi iliyofuata risasi zilitawanyika vilevile.

Nyumbani, mkewe Zeena alikuwa na ushahidi wa aina nyingine.

"Siku hizi unamimina chai nusu kikombe," alimwambia asubuhi moja. "Umeanza ubahili uzeeni?"

"Napunguza sukari."

"Sukari iko kwenye kopo, Sultan. Hujaitia bado." Alimsogezea kopo. "Na pale jamatkhana, baada ya sala, waliniuliza kwa nini umeacha kubeba sinia. Nikasema mgongo. Nimesema uongo mahali pale kwa ajili yako, walau niambie nilidanganya kuhusu nini."

"Mgongo," alisema Virani, akaenda gereji kujaza maganda.

Klabu ina kitu ambacho wanachama hukitumia mara chache: fremu nzito ya chuma iliyofungwa kwa skrubu kwenye meza ya zege. Bastola hubanwa humo kama kwenye jiliwa, na mpigaji huvuta kifyatulio tu. Mkono hauna kazi. Fremu hiyo huonyesha risasi zenyewe zina thamani gani. Cyriaque alipendekeza waitumie mwezi Julai. Virani alisema jua kali. Agosti alisema skrubu zina kutu. Septemba Cyriaque alikwenda na mafuta na spana, akazilegeza zote, akamwita.

"Sasa lete kisingizio kingine, mon vieux. Nina Jumamosi nzima."

Virani alitoa bastola kwenye sanduku. Wakafunga bastola. Risasi zilikuwa za chuma cha tatu, zote za siku moja, kutoka boksi moja. Cyriaque alivuta kifyatulio mara kumi, kisha wakatembea pamoja hadi kwenye shabaha. Matundu yote yalikuwa mahali pamoja. Kifuniko cha chupa ya asali kingeyafunika.

"Nzuri," alisema Virani. Akayahesabu matundu tena.

"Ni nzuri sana. Hujawahi kujaza risasi nzuri kama hizi."

Zilibaki risasi za kutosha kwenye boksi. Virani alifungua fremu, akachukua bastola mkononi, akasimama kwenye mstari. Siku hiyo Cyriaque ndiye aliyekuwa msimamizi wa mstari, mwenye kauli ya mwisho juu ya nani apige na nani asipige. Risasi ya kwanza iligonga pembeni. Ya pili na ya tatu zilikwenda juu. Ya nne haikugusa karatasi kabisa. Ilipasua ubao ulioishikilia, na kibanzi kikaruka hadi kwenye njia ya mpigaji jirani.

"Weka chini, mzee."

"Mdomo bado ni mwembamba kidogo. Nimeona chuma kingine, kimeongezwa unene wa unywele..."

"Weka chini."

Aliiweka. Alipotoa kidole, mkono uliendelea kutetemeka juu ya meza ya zege, na pete yake ikawa inagonga. Mpigaji jirani aliangalia pembeni.

"Naagiza hicho kingine," Virani alisema kwa haraka. "Jumatano kitafika. Jumamosi tunajaribu tena. Cyriaque, ndugu yangu, Jumamosi moja tu. Sema fremu ililegea. Sema chochote."

"Fremu ilipiga risasi hizohizo, zikaenda mahali pamoja."

"Nisipopiga, unajua kinachofuata ni nini? Unajua mimi nashika nini kutwa nzima? Nashika meno ya watu!"

"Najua."

"Basi sema fremu ililegea."

Cyriaque alitoa risasi zilizobaki, akahakikisha chemba ni tupu, akaifunga bastola kwenye sanduku lake. Ufunguo alimrudishia mwenyewe. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hatamruhusu kusimama kwenye mstari tena, na kwamba atawaambia viongozi wa klabu jioni hiyo kama Virani hatawaambia mwenyewe.

Virani aliwaambia mwenyewe. Alitumia maneno machache, kisha akaketi kwenye gari lake bila kuwasha injini, hadi Cyriaque alipokuja kugonga kioo na kumpeleka Unionville.

Zeena aliwafungulia mlango. Hakuuliza juu ya shabaha. Alimshika mumewe mkono wa kulia, akaukamata kwa mikono yake yote miwili, ukaendelea kutetemeka humo ndani.

"Tangu lini?"

"Aprili."

"Na vile vyuma vyote?"

"Kile cha zamani kilikuwa kibaya kweli," alisema Virani. "Zeena, kweli kilikuwa kibaya."

Jumatatu aliwapigia simu madaktari wa meno anaowafanyia kazi, akawaambia hapokei kazi mpya. Mmoja alicheka akidhani ni mzaha. Daktari wa mishipa ya fahamu atamwona mwezi Februari. Zeena ameshaomba ruhusa kazini kwa siku hiyo.